Hema la Kupulizia Vanishi Uani: Kwa Nini Feni Yangu Inaingiza Hewa Badala ya Kuitoa

Fundi anaweza kuunga meza ya mninga kwa ustadi mkubwa, akaipiga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, akaifuta vumbi mpaka kitambaa kitoke safi, na kazi hiyo yote ikaharibika ndani ya robo saa ya kupuliza vanishi. Uso wa vanishi mbichi hunasa kila kinachopita hewani, na hapa Mwanza vinavyopita hewani ni vingi: vumbi la barabara za vilimani wakati wa kiangazi, majivu ya majiko ya mkaa, na wadudu wadogo wa ziwani ambao jioni moja wanaweza kuifanya meza mpya ionekane kama imenyunyiziwa pilipili manga. Karakana kubwa zina vyumba maalumu vya kupulizia. Sisi tunaofanyia kazi uani, katikati ya nyumba zilizobanana juu ya mawe, tunaweza kutengeneza hema la muda, likasimamishwa asubuhi na kukunjwa jioni, kwa vifaa vinavyopatikana katika maduka ya kawaida ya ujenzi.

Michoro mingi ya mahema ya namna hii inayosambazwa mitandaoni huonyesha feni ikiwa upande wa nyuma, ikivuta hewa chafu na kuitoa nje. Kwa mazingira yetu naamini kwamba mpangilio huo ni mbaya, na sehemu kubwa ya makala hii ni maelezo ya kwa nini naamini hivyo. Lakini hatuwezi kuelewana kuhusu feni kabla ya kuelewana kuhusu wadudu.

Wadudu wa ziwani huishi majini wakiwa viluwiluwi, kisha hutoka kwa makundi makubwa na kupanda hewani, kiasi kwamba mtu aliye ufukweni huona nguzo za rangi ya moshi zikisimama juu ya maji. Hawatoki ovyo. Baadhi ya aina zao hufuata mwezi, na hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Wavuvi wa dagaa nao hutegemea usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao za kuvutia samaki, hivyo siku ambazo mitumbwi ya dagaa inashughulika zaidi hukaribiana na siku ambazo fundi wa vanishi anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Mimi hupanga kazi zangu za kupuliza nikiwa na habari hiyo. Mwezi ukiwa mchanga sipulizi alasiri, kwa kuwa vanishi ambayo haijakauka hadi giza linapoingia, karibu na nyumba iliyowashwa taa, itafikiwa na wadudu hata kama upo mbali kiasi na maji. Kufunika kazi kwa shuka siyo suluhisho, kwani shuka lenyewe huacha nyuzi.

Hewa ikivutwa kutoka ndani ya hema, shinikizo la ndani huwa dogo kuliko la nje, na kila tundu, kila mshono na kila pengo la chini hugeuka kuwa mlango wa kuingizia vumbi na wadudu. Mtu atachuja hewa inayopita kwenye dirisha alilokusudia, lakini hataweza kuchuja ile inayopenya chini ya pindo la nailoni, tena hiyo ndiyo yenye vumbi zaidi kwa sababu inafagia ardhi. Hewa ikisukumwa ndani, mambo yanageuka: nailoni inavimba kidogo kuelekea nje, na kila tundu linatoa hewa badala ya kuingiza. Basi unabaki na jukumu la kuchuja sehemu moja tu, yaani mbele ya feni, na hilo linawezekana hata kwa hema lililofungwa kwa kamba.

Sababu ya pili ni moto, nayo nitaieleza baada ya kulisimamisha hema lenyewe.

Hema langu lina urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2. Vipimo hivyo vinatokana na bomba la plastiki la inchi moja linalouzwa kwa urefu wa mita 6. Mabomba mawili yanatoa vipande vinne vya mita 3. Bomba la tatu linatoa vipande vinne vya mita 1.5, bomba la nne na la tano yanatoa nguzo nne za mita 2, na kinabaki kipande cha mita 4 ambacho ninakikata kupata viunzi viwili vya kushikilia dari isibonyee. Elibo za njia tatu, yaani viungio vya plastiki vya pembeni, siyo rahisi kuzipata, na hata zikipatikana gharama yake kwa pembe nane inakaribia gharama ya mabomba yenyewe. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa vipande vyembamba virefu, unafunga pembe kwa nguvu kuliko kamba ya manila, kwa sababu unavutika na kujibana wenyewe, tena unafunguka bila kisu. Anayeweza kupata mirunda kwa bei nafuu anaweza kuitumia badala ya mabomba, ingawa gome lake lazima litolewe lote, la sivyo litamwangushia unga juu ya kazi kila upepo unapolitikisa hema.

Kwa kuta na dari nunua nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga, inayouzwa kwa mita. Turubai la bluu ni imara na kila nyumba inalo, lakini siliruhusu karibu na kazi yangu. Mwanga unaopita kwenye turubai la bluu unabadilisha rangi ya mbao, na mninga wenye wekundu wake unaonekana kama kahawia iliyofifia. Ukichanganya rangi ya kuongezea chini ya mwanga huo utajuta utakapoitoa meza nje. Nailoni angavu kabisa nayo ina tatizo lake, kwani jua la saa tano linapita moja kwa moja, linapasha uso wa mbao, na vanishi inakauka juu kabla thina ya chini, yaani kimiminika kinachoiyeyusha, haijatoka, kisha inaleta vipovu. Nailoni nyeupe yenye ukungu inatawanya mwanga na kupunguza joto. Ifunge kwenye mabomba kwa vibanio vya nguo, pindo la chini ulilaze ardhini na kulikandamiza kwa mbao au matofali, kisha upanguse upande wa ndani kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa nailoni iliyokunjuliwa punde inavuta vumbi kwa umeme tuli. Ardhi ya ndani imwagiwe maji kama uwanja unavyomwagiwa kabla ya kufagiwa. Iwe na unyevu, isiwe na madimbwi.

Katika upande mmoja mfupi weka kipande cha plaiwudi kilichotobolewa duara la ukubwa wa feni, na mbele ya feni, kwa nje, weka chujio. Chujio langu ni fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, yenye wavu wa madirishani upande wa nje kwa ajili ya wadudu, na sponji jembamba la sentimita 2 nyuma yake kwa ajili ya vumbi. Watu wengi hutengeneza chujio lenye ukubwa sawasawa na feni, na matokeo yake feni inakabwa. Eneo la chujio likiwa kubwa kuliko la feni, hewa inapita polepole kwenye kila sehemu ya sponji, vumbi linanaswa vizuri zaidi na feni haichoki. Katika upande wa pili mfupi acha uwazi wa kutokea hewa, uanzie ardhini hadi usawa wa kiuno, nao uufunike kwa chujio la sponji lililo wazi zaidi, ili matone ya vanishi yasiende kutua juu ya nguo za jirani zilizoanikwa.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ahadi nyingi za mahema ya bei nafuu hushindwa. Kipimo kilichozoeleka kwa muda mrefu Marekani kwa vyumba vya kupulizia kwa mkono ni mwendo wa hewa wa futi 100 kwa dakika, yaani takriban nusu mita kwa sekunde. Hema langu lina eneo la mbele la mita za mraba 3 (1.5 mara 2), kwa hiyo ili hewa yote isogee kwa kasi hiyo nahitaji mita za ujazo 1.5 kila sekunde, ambazo ni mita za ujazo 5,400 kwa saa. Feni ya mezani haikaribii hapo. Feni kubwa ya kusimama chini, ile inayowekwa kumbini wakati wa sherehe, inaweza kukaribia ikiwa haina kizuizi chochote, lakini ukiiwekea chujio inashuka sana. Natumia feni kubwa ya namna hiyo, na ninalielekeza hema ili upepo wa siku uisaidie, nikijua kwamba bado sifikii kipimo cha karakana. Hewa ninayoipata inatosha kuusogeza ukungu wa vanishi mbele yangu na kuufikisha kwenye uwazi wa kutokea kabla haujarudi kutua juu ya kazi kama mchanga mwembamba. Haitoshi kuniruhusu nivue barakoa, na mtu yeyote anayekuambia kwamba hema la nailoni linakuondolea haja ya barakoa anahatarisha mapafu yako.

Upande wa bunduki ya kupulizia unasaidia sana kupunguza mzigo huo. Bunduki za kizamani zinazotumia shinikizo kubwa hupoteza sehemu kubwa ya vanishi hewani. Bunduki za hewa nyingi na shinikizo dogo, ambazo mdomoni hazizidi psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo), hufikisha mbaoni takriban theluthi mbili ya kile zinachopuliza au zaidi, iwapo aliyezishika anazitumia ipasavyo. Ukungu ukipungua, chujio la kutokea linadumu, vanishi inatosha, na feni yenye nguvu ndogo inaweza kuumudu. Kama fedha yako inatosha kununua kitu kimoja tu cha ubora baada ya barakoa, nunua bunduki, kisha uendelee na hema la kufungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nirudi kwenye moto. Thina nyingi za vanishi ya selulosi zina tolueni, kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi, ndani yake. Tolueni hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 4 za Selisiasi, na hapa kwetu mchana hufika nyuzi 27 au 28 bila shida, maana yake kopo lililo wazi linatoa mvuke wa hatari muda wote. Inatosha mvuke huo ufikie takriban asilimia 1.1 ya hewa ili cheche moja iuwashe. Feni ya kawaida ya nyumbani haikutengenezwa ili kukaa ndani ya hewa ya namna hiyo: swichi yake inatoa cheche kila inapobonyezwa, na mota yake inaweza kutoa cheche ikichakaa. Feni inayovuta hewa chafu hupitisha mvuke wote kwenye mota na swichi. Feni inayosukuma hewa safi inakaa upande ambao mvuke haufiki, mradi iwashwe kabla kopo halijafunguliwa na izimwe baada ya harufu kwisha. Kompresa, mashine inayoipa bunduki hewa, nayo ikae huko huko upande wa hewa safi, kwa urefu wote ambao mpira wake unaruhusu, kwa sababu swichi yake ya shinikizo hujiwasha na kujizima yenyewe na kutoa cheche bila kukuuliza. Soketi ya kuungia nyaya isiwe ndani ya hema kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, weka bunduki chini, toka, fungua pande zote mbili na usubiri.

Feni inayosukuma ina dosari moja ambayo lazima isemwe: mvuke unatoka kila upande, siyo mahali pamoja tu. Kwa hiyo hema la aina hii lisisimamishwe ndani ya nyumba, wala barazani, wala kwenye gereji iliyoungana na chumba cha kulala. Liwe uani, mahali pa wazi, na hata hapo mtu aangalie mteremko. Mvuke wa tolueni ni mzito mara tatu hivi kuliko hewa, na hautawanyiki juu kama moshi bali hutambaa chini na kufuata mteremko kama maji yanavyofanya. Mitaa yetu mingi ya vilimani imejengwa kwa ngazi, ukuta wa mmoja ukiwa juu ya paa la mwingine, na chini ya uwanja wangu anaishi mama anayekaanga samaki kwa ajili ya kuuza. Jiko lake liko kwenye mkondo ambao mvuke wangu ungeufuata. Kabla sijafungua kopo lolote nashuka kwake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Leo tena dawa yako ya mbao?”

“Ndiyo mama. Jiko unawasha saa ngapi?”

“Saa tisa, samaki bado hawajafika.”

“Basi mimi nitakuwa nimemaliza kabla ya saa sita, na nitakuja kukuambia harufu ikiisha.”

Mazungumzo hayo ni sehemu ya ujenzi wa hema sawa na mabomba na nailoni. Siku akisema jiko linawaka asubuhi, sipulizi. Napiga brashi, au naendelea na msasa.

Kuhusu barakoa, ile ya kitambaa na ile ya karatasi ya hospitali hazizuii mvuke wa thina hata kidogo. Kinachohitajika ni barakoa ya mpira inayoshika uso, yenye vichujio vya kaboni kwa ajili ya mvuke na kichujio cha mbele kwa ajili ya matone. Ukianza kusikia harufu ya thina ukiwa umeivaa, kaboni imekwisha au barakoa haijakaa vizuri. Vanishi zenye kigumishi kinachochanganywa pembeni, ambacho mara nyingi kina isosayanati, sizipulizi kabisa ndani ya hema hili na nawasihi wengine wasizipulize. Kemikali hiyo inaweza kumletea mtu pumu ya kudumu, haina harufu ya kukuonya kwa wakati, na karakana zinazoitumia kwa usalama humpa mpulizaji hewa safi kwa bomba kutoka nje. Kwa kazi ya nyumbani vanishi inayoyeyushwa kwa maji ni bora zaidi unapoweza kuipata: inaondoa sehemu kubwa ya hatari ya moto, ingawa barakoa inabaki na mbao zinahitaji msasa mwepesi baada ya mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, kwa kuwa maji yanasimamisha nyuzi.

Muda mzuri wa kupuliza hapa kando ya ziwa ni mfupi. Alfajiri hewa imetulia lakini ina unyevu mwingi, na vanishi ya selulosi ikipulizwa katika unyevu huo inapata weupe kama pumzi juu ya kioo. Sababu yake ni kwamba thina inapokauka haraka inaupoza uso wa mbao, na mvuke wa maji ulioko hewani unageuka matone juu yake na kunaswa. Baada ya adhuhuri upepo wa ziwani unaanza kupanda kuelekea nchi kavu na kuleta misukosuko. Katikati ya hizo mbili, kuanzia saa tatu hivi hadi saa tano na nusu asubuhi, umande umekwisha na upepo bado unatoka nchi kavu kwenda ziwani, au umetulia. Ndiyo maana feni yangu hupewa mgongo upande wa nchi kavu na uwazi wa kutokea unaelekea ziwani. Upepo ukigeuka mapema, watu wawili wanaweza kuliinua hema zima na kuligeuza. Wakati wa mvua ni afadhali kutumia thina inayokauka polepole kuliko kulazimisha ratiba, na maji yaliyokusanyika kwenye tangi la kompresa yatolewe kila asubuhi, kwani tone moja la maji likipita kwenye bunduki linaacha shimo la mviringo kwenye vanishi.

Ndani ya hema ninasimama kati ya feni na kazi, hewa ikinipita mgongoni. Meza inalala juu ya ubao wenye misumari iliyochomoza, ili nipulize upande wa chini kwanza, niigeuze, kisha nipulize uso bila kusubiri. Taa ninaiacha nje ya nailoni, pembeni na chini, na mwanga wake unapita kwa mshazari juu ya mbao. Ukiinama mpaka jicho liwe usawa wa meza utaona mahali vanishi imelowanisha panang’aa mfululizo, na mahali ilipokauka njiani pana ukavu wa unga. Mkono unatembea sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mbao, bunduki ikiwa imesimama wima dhidi ya uso, bila kuzungushwa kwa kiwiko. Kidole kinabonyeza kabla ya ukingo na kuachia baada ya ukingo, na kila mstari unafunika nusu ya uliotangulia. Kwenye uwazi wa kutokea nimening’iniza utepe wa karatasi laini. Ukiwa umelala kuelekea nje, hewa inapita. Ukianza kuning’inia wima, sponji limejaa na linahitaji kubadilishwa, hata kama umebakiza miguu miwili tu ya meza.

Baada ya mkono wa mwisho feni iendelee kwa nusu saa au zaidi. Sponji zilizojaa vanishi na vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani visirundikwe kwenye ndoo, kwa sababu mafuta ya namna hiyo yanapokauka yanatoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka vikauke kabisa, au vilowekwe majini. Thina ya kuoshea bunduki isimwagwe mtaroni. Mitaro ya mjini inaingia Mto Mirongo na vijito vingine, na vyote vinaishia ziwani, ambako maji ya bomba ya mji huu huchotwa. Ninaimimina kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza na kuiacha kwa siku kadhaa mpaka uchafu wa vanishi utulie chini, kisha naimimina taratibu ile iliyo safi juu na kuitumia kuoshea bunduki mara inayofuata. Tope linalobaki huachwa likauke kwenye kopo lililo wazi, mbali na moto na watoto, kabla ya kutupwa kama taka ngumu.